Ukiota Unaruka

Somo letu la leo ni Zaburi ya 126, nasi tutalifikia baada ya kitambo kidogo. Kwanza nataka tuzungumze juu ya ndoto.

Wengi wenu mmepata kuiota ndoto hii. Umesimama mahali palipoinuka, mara miguu inaacha ardhi. Hushiki kitu, wala huna mabawa. Unapita juu ya mabati ya nyumba, juu ya mikaratusi, unaiona barabara chini imelala kama uzi na ng'ombe wamekuwa wadogo kama punje za maharagwe. Huogopi hata kidogo. Unageuka huku na huku kama mwewe, na furaha inakujaa kifuani hata unataka kucheka kwa sauti. Kisha jogoo anawika, nawe unajikuta kitandani, mzito kama gunia, ukisikitika kwamba umeamka.

Mama mmoja aliota hivyo, akaniandikia barua. Ni mjane, mwimbaji wa kwaya kwa miaka mingi. Asubuhi ile aliamka na furaha kuliko siku yo yote tangu alipomzika mumewe, akaenda akaisimulia ndoto yake kisimani. Wengine walicheka pamoja naye. Jirani mmoja hakucheka. Alimwambia, "Wenye kuruka usiku tunawajua." Tangu siku ile mama huyu haogopi maneno ya watu tu, anajiogopa mwenyewe. Ananiuliza: Je, yawezekana mtu akawa mchawi naye asijue?

Swali hili si la kuchekwa. Mnajua jinsi inavyosemwa katika sehemu nyingi za nchi yetu, kwamba wachawi hupanda ungo usiku wakaruka. Na maneno hayo hayaishii katika hadithi za jikoni. Mwezi wa Mei 2008, huko Kisii, watu 11, wengi wao akina mama wazee, walichomwa moto kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, huko huko Kisii, upande wa Marani, wanawake 4 wa umri mkubwa waliuawa kwa dhana ile ile. Upande wa Kilifi wako wazee waliokimbia nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Basi neno moja la kisimani laweza kuwa kiberiti.

Tuuangalie usingizi wenyewe. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, waliandika juu ya jambo ambalo kila mama aliyemtazama mtoto wake akilala amepata kuliona: kuna nyakati macho huchezacheza chini ya kope zilizofumba. Watu walioamshwa nyakati hizo, wengi walisema walikuwa wakiota. Nyakati hizo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na kadiri kunavyokaribia kupambazuka ndivyo zinavyorefuka. Ndiyo sababu jogoo amekatiza ndoto nyingi nzuri.

Wakati huo ubongo hufanya kazi karibu sawa na ule wa mtu aliye macho, lakini mwili umefungwa. Misuli ya mikono na miguu hulegea kabisa, isije mtu akampiga teke mwenzake kwa kila anachokiota. Macho na misuli ya kupumua ndiyo huendelea na kazi. Mchana kutwa nyayo huupelekea ubongo habari za ardhi, magoti habari za uzito, na kiungo kidogo kilichomo ndani ya sikio habari za mizani ya mwili. Usiku habari hizo hupungua mno, na huku ubongo bado uko safarini. Wataalamu wengine hufikiri kwamba kuruka hutokea hapo: mwendo upo, uzito haupo. Hawajakubaliana wote, lakini juu ya ule mwili kulegea hakuna ubishi. Kwa hiyo saa ile mama yetu alipojiona akipita juu ya miti, yaelekea sana ndiyo saa mwili wake ulipokuwa umetulia chini ya blanketi kuliko saa zote za usiku.

Tena kuna jambo hili ambalo mimi hunigusa sana. Watu waliopooza miguu husimulia kwamba usiku huota wakitembea, hata wakikimbia. Nani atawaambia kwamba wamefanya kosa?

Daktari Sigmund Freud wa Vienna, katika kitabu chake juu ya ndoto cha mwaka 1900, aliandika mengi ambayo Mkristo hatayakubali yote. Lakini alisema jambo moja la nyumbani kabisa: kwamba ndoto za kuruka zaweza kuwa kumbukumbu za utoto, wakati mjomba alipomwinua mtoto juu kwa mikono miwili na kumzungusha chumbani kama anayeruka. Ye yote aliyewahi kumrusha mtoto juu na kumdaka anakijua kile kicheko. Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 32, anamfananisha Mungu na tai achukuaye makinda yake juu ya mabawa.

Mtu atauliza, "Lakini Mungu si husema kwa ndoto?" Ndiyo, husema. Yusufu aliambiwa amchukue Mtoto na mama yake waende Misri, na Mamajusi walionywa wasirudi kwa Herode. Angalieni basi: ndoto hizo zilitoa agizo au onyo ili watu waokoke. Hazikutumiwa kuwa shahidi wa kumhukumu aliyeota. Torati yenyewe yataka mashahidi wawili au watatu, walio macho. Na Yeremia, katika sura ya 23, anataka ndoto isimuliwe kama ndoto tu, na neno la Mungu kama neno la Mungu, maana makapi na ngano si kitu kimoja. Ungo tulipewa kwa kazi hiyo, ya kupepeta.

Wako pia wale wa upande wa pili, wasemao kwamba kuruka ni kupandishwa cheo au kupata safari ya Ulaya, ila kwanza utume sadaka kwa simu ndipo upewe tafsiri yote. Hao sina mengi ya kuwaambia. Yusufu gerezani alisema tafsiri ni za Mungu, wala hakumtoza mnyweshaji wa Farao hata senti moja.

Kwa mama yetu nilijibu hivi: La, mama, hukufanya uchawi; ulilala. Furaha ile usiirudishe. Mshukuru Mungu kwa ajili yake kama unavyomshukuru kwa mvua. Na jirani yule nendeni mkaongee naye, wewe na mzee wa kanisa, mapema, kabla neno halijafika sokoni.

Sasa tufungue Zaburi ya 126. Wayahudi walikuwa wamehamishwa Babeli, na Koreshi mfalme wa Uajemi alipowaachilia, mnamo mwaka 538 kabla ya Kristo, wengi wao walikuwa wamezaliwa ugenini. Mwandishi akitafuta namna ya kueleza furaha ya kurudi, anasema walikuwa kama watu waotao, na vinywa vyao vilijaa kicheko. Hakuona haya kuifananisha kazi ya Mungu na ndoto njema. Isomeni yote jioni ya leo, ni mistari 6 tu.

Na tuombe. Baba yetu, uwalinde usiku huu wazee walalao kwa hofu ya jirani zao. Uwalaze salama, na ukipenda, uwape ndoto nzuri. Amina.