Goma: Klore nyingi, lakini maji ya pisini bado ni ya kijani

Jioni mtunza pisini anamwaga klore, asubuhi anakuta maji ya kijani na kuta zinateleza. Anaongeza tena. Pesa inaisha, mwani unabaki.

Mjini Goma, tatizo linaanzia kwenye maji yenyewe. Maji ya Ziwa Kivu ni ya magadi, pH yake inakaribia 9. Hapo klore yenye nguvu ya kuua mwani haifiki hata sehemu 1 kwa 10. Kwenye pH 7.5 ni karibu nusu. Chokaa nayo inajitenga na kuacha madoa meupe kwenye vigae.

Kwa hiyo asidi ndiyo inatangulia, kidogo kidogo, hadi pH ifike kati ya 7.2 na 7.6. Itapanda tena, kazi hii ni ya siku kadhaa. Klore inafuata jioni, maana jua linaiharibu.

Asidi na klore visikutane kamwe ndani ya ndoo moja: hewa inayotoka ni sumu, inaweza kuua. Na watoto wasiingie hadi sakafu ya upande wenye kina ionekane. Anayezama ndani ya maji ya kijani, hakuna anayemuona.