Mazembe ni ya Nani, Yanga ni ya Nani?

Jumapili ya Matawi ya mwaka 2023 iliangukia tarehe 2 Aprili. Asubuhi watu wa Uvira walikwenda Misa, wakarudi makwao na matawi mikononi kama ilivyo desturi. Lakini siku hiyohiyo timu ya Yanga ya Dar es Salaam ilikuwa ikicheza na Tout Puissant Mazembe mjini Lubumbashi, katika mashindano ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Basi wengi walikula upesi, wakatoka kwenda kutafuta mahali penye televisheni.

Sisi tulikuwa katika nyumba moja ya Kalundu, karibu na bandari. Tawi la mtende lilikuwa limechomekwa juu ya mlango, na chini yake walipita watu wapata thelathini, wakubwa kwa wadogo, wakaketi pande mbili kama maji na mafuta. Huku wa Mazembe, kule wa Yanga. Wote ni Wakongomani, wote wa mji mmoja, na baadhi yao walikuwa wameketi benchi moja kanisani saa chache tu zilizopita. Mchezo ulikuwa mgumu. Hatimaye Farid Mussa akaifungia Yanga bao moja, na halikupatikana jingine. Hapo kijana mmoja wa Mazembe akasimama, akamnyoshea kidole jirani yake aliyekuwa akishangilia, akamwambia kwa sauti kuu: "Wewe si Mkongomani. Nenda kwenu!"

Nyumba nzima ikanyamaza.

Yafaa tueleze kwa nini ilinyamaza. Mahali pengine mtu akimwambia mwenzake maneno kama hayo kwa ajili ya mpira, watu hucheka. Katika Uvira na bonde la Ruzizi hawacheki. Huku wanakaa Wavira na Wafuliiru, Wabembe, Warundi wa bondeni, Wanyamulenge wa milimani, na Washi walioteremka kwa biashara. Na kwa miaka mingi swali la nani mwenyeji na nani mgeni limeulizwa kwa bunduki na mapanga. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, katika kijiji cha Mutarule, si mbali na Uvira, watu wapatao thelathini na zaidi waliuawa, wanawake na watoto miongoni mwao, na baadhi yao walikuwa wamekusanyika kusali. Hatusemi kwamba mpira uliwaua watu wale. Twasema tu kwamba chuki ya namna ile huzungumza kwa maneno yaleyale aliyoyatumia kijana wetu mbele ya televisheni, na kila aliyekuwamo nyumbani mle aliyatambua.

Msomaji aliye mbali pengine atauliza: Mkongomani awezaje kuishangilia timu ya Tanzania inapocheza na timu ya nchi yake? Na achukue ramani. Kutoka Uvira mpaka Kinshasa, kwa mstari ulionyoka, ni zaidi ya kilometa 1,500. Kutoka Uvira mpaka Dar es Salaam ni kama kilometa 1,200. Mtu wa Uvira, basi, yu karibu zaidi na Bahari ya Hindi kuliko na mji mkuu wake mwenyewe. Wala haitoshi kupima kwa mstari, maana hakuna barabara njema ya kumfikisha Kinshasa, bali kwenda mashariki njia ipo tangu zamani za misafara. Huvuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma kuna reli iliyofika huko mwaka 1914. Bujumbura nayo iko ng'ambo tu. Usiku taa zake huonekana, na gari hufika kwa muda mfupi kwa njia ya Kavimvira na Gatumba.

Tena iko lugha. Mtangazaji wa Dar es Salaam anapoeleza mchezo, mama wa Uvira anayekaanga ndagala jikoni humwelewa neno kwa neno. Mtangazaji wa Kinshasa, akiingia katika Kilingala chake, humwacha njiani. Ndiyo sababu mtu wa Yanga aliyeketi karibu nasi alituambia hivi: "Ninyi mnasema nimehama nchi. Mimi sikuhama. Nimesikiliza tu lugha niliyonyonyeshwa."

Wa Mazembe nao wana hoja, na si hoja ndogo. Wanasema Lubumbashi pia ni mji wa Kiswahili, tena ni wa Kongo. Kalemie, ambako wengi wa Uvira wana wajomba na shangazi, ilikuwa ya mkoa wa Katanga mpaka mwaka 2015, ulipogawanywa. Ukiipenda Mazembe, unapata vyote viwili, lugha na taifa, bila kuazima kwa jirani. Na heshima ipo: kombe kubwa la vyama vya Afrika mara tano, katika miaka ya 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Ni chama gani cha upande wetu kilichofanya zaidi ya hayo? Bukavu ina Dawa na Muungano, majina mazuri ya Kiswahili, na siku zinapokutana mji wote husimama. Lakini sifa zao hazijavuka bahari.

(Palikuwa pia na mwalimu mmoja aliyesoma Kinshasa, mtu wa Vita Club, peke yake kama kisiwa. Yeye aliwacheka wote.)

Sasa tuwaulize wa Mazembe: chama hiki ni cha damu ya nani hasa? Kilianzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenediktini katika mji ulioitwa wakati ule Élisabethville, kwa ajili ya wanafunzi wao, kikapewa jina la Mtakatifu Georges. Baadaye kiliitwa Saint-Paul, kisha Englebert, ambalo ni jina la kiwanda cha mipira ya magari. Wakaongeza Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, jina ambalo sisi Wakristo tumezoea kumpa mwingine. Mpinzani wake wa mji uleule, Lupopo, alizaliwa mwaka huohuo miongoni mwa watu wa reli, chini ya jina la Mtakatifu Éloi, msimamizi wa wafua vyuma. Na vijana waliojaza viwanja vile walikuwa watoto wa nani? Migodi ya shaba ilikuwa imekusanya watu kutoka Kasai, Maniema, Rwanda na Urundi, na nchi iitwayo leo Zambia. Hata Kiswahili cha Katanga hakikuota pale kama muhogo. Kilikuzwa na wageni makambini, wapate kuelewana.

Lakini watu husahau upesi. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai kwa maelfu mengi walifukuzwa Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa hukohuko, wakapakiwa katika treni na mizigo yao michache. Wako waliokuwa wamekuja na babu zao kuchimba shaba. Bila shaka wako pia waliokuwa wakiishangilia Mazembe tangu utoto.

Hasira ya namna hii, ikishazoea kutafuta mgeni, haichagui vizuri. Mwaka 2010 Mazembe ilifanya jambo ambalo chama chochote cha Afrika kilikuwa hakijalifanya: iliifunga Internacional ya Brazil 2–0, ikaingia fainali ya Kombe la Dunia la Vyama huko Abu Dhabi. Tarehe 18 Desemba ikafungwa na Inter ya Milano mabao 3–0. Refa alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Basi mjini Lubumbashi vijana wakaenda kuyashambulia maduka ya Wachina. Tungeweza kucheka, kama si wenye maduka waliopoteza mali yao kwa kosa la kufanana, machoni pa wenye hasira, na mtu wa nchi nyingine kabisa.

Kinshasa nayo ina historia ya namna hiyohiyo. Huko mpira wa vijana uliletwa kwa bidii na Padre Raphaël de la Kéthulle wa shirika la Scheut, mwanzilishi wa Daring, ambayo leo ni Motema Pembe. Na uwanja wa zamani wa mji unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël, yaani Baba Raphaël. Ni katika uwanja huo, tarehe 11 Mei 2014, Vita ilipokutana na Mazembe. Wageni wa Lubumbashi walikuwa mbele kwa bao moja. Mawe yakatupwa, polisi wakarusha moshi wa kutoa machozi, watu wakakimbilia milangoni, ukuta ukaanguka. Watu kumi na watano walikufa. Mutarule ilifuata kabla mwezi haujatimia, na twakumbuka jinsi habari hizi mbili zilivyotufikia karibu pamoja, moja kutoka magharibi ya mbali na nyingine kutoka mlangoni petu.

Wazee wana jambo jingine la Kinshasa na Lubumbashi. Tarehe 18 Juni 1974, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani, kipa Kazadi wa Mazembe alitolewa baada ya Yugoslavia kufunga bao la tatu, akaingizwa Tubilandu wa Vita. Mchezo uliisha 9–0. Kwa nini alitolewa, na kwa neno la nani? Kwa swali hili mzee wa Katanga na mzee wa Kinshasa wanaweza kumaliza chupa mbili za bia bila kukubaliana, nasi hatutaliamua hapa.

Turudi Kalundu. Ukimya ule ulivunjwa na mwenye nyumba, fundi wa injini za boti, mtu wa makamo ambaye hakuwa ameonyesha yu upande gani. Alimwambia kijana: "Keti, mwanangu. Mwaka 2015 Mazembe ilipochukua kombe, ulishangilia?"

"Nilishangilia, baba."

"Nani alifunga?"

Kijana alikaa kimya kidogo, akasema: "Samatta."

Ni kweli. Katika fainali ile, michezo miwili dhidi ya USM ya Alger, Mazembe ilifunga mabao manne. Mawili ni ya Mbwana Samatta wa Tanzania, aliyechukuliwa kutoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011. Moja ni la Kalaba wa Zambia. Moja ni la Assalé wa Côte d'Ivoire. Bao la Mkongomani halikuwamo hata moja. Na Yanga iliyoifunga Mazembe siku ile ya Matawi ilikuwa ikimtegemea nani mwaka ule? Fiston Mayele, Mkongomani, aliyemaliza mashindano hayo akiwa mfungaji wa kwanza kwa mabao saba. Saido Ntibazonkiza, mwana wa Burundi, alicheza Vital'O ya Bujumbura, kisha Yanga, na baadaye Simba, mahasimu wa Yanga tangu miaka ya thelathini. Hakuna aliyemwambia aende kwao, maana alifunga kotekote. Wachezaji huvuka mipaka hii kwa mkataba na mshahara. Anayebaki akiilinda kwa ngumi ni mtazamaji, ambaye halipwi kitu.

Kijana hakuomba msamaha siku ile. Alitoka na hasira yake, na yule jirani aliyeambiwa si Mkongomani alibaki akikunja kiti chake polepole, bila kumtazama mtu. Tulijua ya kwamba babu yake alikuja kutoka ng'ambo ya Ruzizi. Kijana naye alilijua. Ndiyo sababu alichagua neno lile.

Tarehe 3 Juni mwaka uleule tulikuwa tena katika nyumba ile. Yanga ilikuwa Alger, katika mchezo wa pili wa fainali, baada ya kufungwa 2–1 nyumbani. Mazembe ilikuwa imekwisha kutoka, na upande wao wa chumba ulikuwa mtupu. Yule kijana akaja amechelewa, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Katika dakika za mwanzo Yanga ikapata penalti. Aliyeiendea ni Djuma Shabani, Mkongomani, aliyekuwa mtu wa Vita. Akafunga. Kijana akaruka pale mlangoni na kupiga kelele: "Mwana wa Kongo!" kisha akaona haya, maana watu wote waligeuka kumtazama.

Jirani yule alikuwa mwisho wa benchi. Hakusema neno. Alisogea tu, akaacha nafasi ya mtu mmoja.