Kurithiana kwa Mimea Katika Ngara na Biharamulo

Shamba lililoachwa huota magugu, kisha vichaka, na mwisho miti yenye kivuli kifishacho mimea iliyotangulia. Huko ndiko kurithiana kwa mimea. Sotoka ilipoua ng'ombe katika miaka ya 1890, malisho mengi ya nchi za Biharamulo yaligeuka vichaka, na mbung'o wakaingia. Huko Ngara, wakimbizi wa Rwanda waliofika mwaka 1994 walikata miti kandokando ya makambi kwa kupata kuni. Wengi wao waliporudishwa kwao Desemba 1996, waliacha visiki. Lakini mti wa miombo haufi kwa kukatwa tu: kisiki chake huchipua. Mizizi ikisalia, msitu hurudi. Iking'olewa, na moto ukapita kila mwaka, nyasi ndizo zirithizo ardhi.