Kimeng'enya Kinachobishana na Dozi

Je, wajua kwamba watu wawili wenye uzito uleule wanaweza kumeza kidonge kilekile, saa ileile, na mmoja akabaki na dawa damuni mara tatu zaidi ya mwenzake?

Waliotumia efavirenzi hawahitaji kuelezwa sana. Kwa miaka mingi dawa hii ilikuwa nguzo ya matibabu ya VVU Afrika Mashariki, ikimezwa usiku, miligramu 600, wakati wa kulala. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo: dawa huleta kizunguzungu, na heri kimkute mtu kitandani kuliko kwenye daladala. Wapo waliolala na kuamka wazima. Wapo pia walioota ndoto za kutisha usiku kucha, wakaamka wanayumba, au wakaingiwa na huzuni isiyo na sababu. Baadhi yao waliacha dawa kimyakimya, na wahudumu wakawaandika kuwa wakaidi.

Mara nyingi chanzo kilikuwa ini. Humo kuna kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, ambacho huivunja efavirenzi ili iweze kutoka mwilini. Maelekezo ya kukiunda yamo katika jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 19, na kila mtu ana nakala mbili, ya mama na ya baba. Katika nafasi ya 516 ya jeni hiyo, herufi G ikiwa T, kimeng'enya hupungua. Aliyerithi T pande zote mbili ni kama beseni ambalo tundu lake limeziba nusu huku bomba likiendelea kumimina: kila usiku kidonge kipya huikuta dawa ya jana bado ipo.

T hiyo imeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya. Huko Harare, watafiti wakiongozwa na Collen Masimirembwa walikuta kwamba takriban Mzimbabwe mmoja kati ya watano ana T mbili. Sasa kumbuka kwamba efavirenzi iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, kwa dozi iliyojaribiwa hasa kwa wagonjwa wa huko na wa Ulaya. Ukaidi ulikuwa wa nani hapo?

Kipimo chenyewe hakina makuu. Hufutwa shavu kwa ndani kwa pamba, au hutolewa damu kidogo, kisha PCR, teknolojia ileile tuliyoizoea wakati wa Uviko, hunakili kipande kinachotakiwa ili herufi isomwe. Majibu hayachakai, kwani herufi hiyo haibadiliki hadi kufa. Lakini jeni haisemi yote. Mgonjwa akianza rifampisini ya kifua kikuu, ini huchochewa kutengeneza vimeng'enya kwa wingi, na hesabu ya dozi huvurugika upya.

Kwa efavirenzi, nafuu ilikuja bila kumpima kila mtu. Mwaka 2014 jaribio la ENCORE1, lililowashirikisha wagonjwa wa mabara kadhaa, lilionyesha kuwa miligramu 400 hufubaza virusi sawasawa na 600. Kufikia 2019 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeipa dawa nyingine, dolutegraviri, nafasi ya kwanza. Kwa kliniki yenye foleni hadi nje, naona kupunguza dozi ya wote lilikuwa jambo la busara kuliko kusubiri maabara. Ila miaka 16 ni mingi mno kwa mtu anayeyumba kila asubuhi.

CYP2B6 haijastaafu. Ndiyo pia hushughulikia methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ikiwa imeanza kuitoa mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Huanzishwa kwa kiasi kidogo kinachopandishwa taratibu, naye huulizwa: alilala? Alitoka jasho? Arosto, yale mateso ya kukosa heroini, imerudi kabla ya asubuhi? Kwa majibu hayo, pasipo kusoma herufi hata moja, mmoja huongezewa na mwenzake huachwa palepale.