Majina ya Kiingereza: Yapi Huhesabiwa na Yapi Hupimwa

Wako watu waliosoma miaka mingi, wenye kujua maelfu ya maneno ya Kiingereza, lakini barua zao zikifika ofisini huonekana mara moja kuwa zina kasoro. Mara nyingi kasoro hizo hazitoki katika maneno magumu. Zatoka katika majina. Jina ni neno litajalo mtu, mnyama, mahali, kitu au fikira, na vitabu vya sarufi vya siku hizi huliita nomino. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na hati nyingi za mashamba, mikopo na mahakama huandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo yafaa mkulima na karani waelewe vizuri jinsi majina hayo yanavyofanya kazi.

Katika Kiswahili majina yamepangwa kwa ngeli, na mwanzo wa jina hutawala maneno yanayolifuata. Twasema kitabu kikubwa kimeanguka, vitabu vikubwa vimeanguka. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo. Wingi wake hubadili mwisho wa jina, nayo sifa haiguswi: "a big book" ni kitabu kikubwa, "big books" ni vitabu vikubwa. Basi mtu akiisha kujua kuongeza herufi s hudhani amemaliza kazi. Hasha! Hapo ndipo kazi inapoanza.

Jambo kubwa katika majina ya Kiingereza ni hili: je, kitu kinachotajwa huhesabiwa, au hupimwa? Ng'ombe, jembe na shilingi huhesabiwa. Maji, unga na mchanga hupimwa. Jina la kuhesabiwa lina umoja na wingi. Nalo likiwa katika umoja, kwa kawaida halisimami peke yake, bali hutanguliwa na neno dogo kama "a", "the", "my" au "this". Hatuandiki "I bought cow", bali "I bought a cow". Jina la kupimwa halina wingi, wala halikubali "a". Hatuandiki "a maize" wala "maizes". Tukitaka kuhesabu, twatafuta kipimo kwanza: "two bags of maize". Jambo hili si geni kwetu. Hata sisi hatusemi unga mmoja, unga miwili. Twasema kibaba kimoja cha unga, vibaba viwili vya unga.

Taabu hutokea pale ambapo Kiswahili huhesabu na Kiingereza hupima. Sisi twasema habari mbili, mashauri matatu, mizigo minne. Kwa Kiingereza "information", "advice" na "luggage" ni majina ya kupimwa; na "furniture" pia, ijapokuwa macho yetu yaona viti na meza vimesimama chumbani. Karani aandikaye "informations", "advices" au "furnitures" amekosea. Namna iliyo sawa ni "two pieces of information" na "a piece of advice". Tena liko kosa la upande wa pili. Maziwa na mafuta kwetu yana sura ya wingi, nasi twasema maziwa haya. Kwa hiyo mtu huvutwa kuandika "these milk". Yampasa aandike "this milk", maana jina la kupimwa hufuata umoja.

Mkulima naye awaangalie wanyama wake. "Sheep" ni kondoo mmoja, na kondoo mia ni "sheep" vilevile. "Ox" likiwa katika wingi huwa "oxen". "Cattle" ni wingi siku zote, wala hakuna "a cattle"; akitaka kutaja hesabu huandika "ten head of cattle", bila kuongeza s katika "head". Sababu ya mambo haya ni ya kale. Kabla ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa na njia nyingi za kufanya wingi. Baadaye njia ya herufi s ikazishinda nyingine polepole, na maneno kama "oxen", "men" na "feet" ni mabaki ya njia zile za zamani.

Lakini kosa la jina si aibu ya darasani tu. Laweza kumtia mtu hasarani. Yako majina ambayo herufi s huyapa maana nyingine kabisa. "Custom" ni desturi, lakini "customs" ni idara ya forodha. "Damage" ni uharibifu, lakini "damages" ni fedha ambazo mahakama huamuru mtu alipwe kwa ajili ya hasara yake. Ng'ombe wa jirani wakila mahindi yako, walichofanya ni "damage". Ukiandika kwamba ng'ombe walifanya "damages", umechanganya hasara na fidia.

Tazama pia hati ya kuuza shamba. "Land", kwa maana ya ardhi, ni jina la kupimwa. Aandikaye "I have sold my land" husomeka kuwa ameuza ardhi yake yote. Ikiwa aliuza ekari moja katika tano, kipimo hakina budi kuandikwa: "one acre of my land". Vivyo hivyo, "a cow" ni ng'ombe mmoja yeyote, bali "the cow" ni yule ajulikanaye na pande zote mbili. Ikiwa mlipatana juu ya ng'ombe mwekundu mliyemwona zizini, na karatasi ikasema "a cow" tu, muuzaji akileta aliyekonda utamjibu nini? Tumia "the", kisha utaje rangi na alama zake.

Atakaye kuondoa shaka anunue kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. A. S. Hornby alitunga kamusi ya namna hiyo alipokuwa mwalimu Japani, ikapigwa chapa Tokyo mwaka 1942. Katika kamusi nyingi za aina hii, herufi C kando ya jina huonyesha kuwa lahesabiwa, na herufi U kuwa halihesabiwi. Kila ukutanapo na jina jipya, tazama herufi hiyo kwanza, kisha uandike sentensi moja katika daftari lako. Jina moja kila siku ni majina zaidi ya mia tatu kwa mwaka, na haba na haba hujaza kibaba.