Chungwa, Rula na Satelaiti

Mtu wa Shirimatunda akiutazama Mto Karanga mwezi Mei atakuambia umejaa. Oktoba atasema umekauka, hata kama bado unamlowesha magoti. Sote hupima maji hivyo. Tabu huanza pale Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi, inapotakiwa kugawa maji ya Mlima Kilimanjaro kati ya mfongo (mfereji) wa mgombani, bomba la mjini na shamba la mpunga kule tambarare. “Umejaa” haigawanyiki.

Inatakiwa namba. Chukua chungwa, ulitupe mtoni. Huzama karibu lote, kwa hiyo husukumwa na maji, si na upepo. Tuseme limekwenda mita 10 kwa sekunde 14: maji ya juu yana kasi ya mita 0.7 kwa sekunde. Ya chini husuasua kwa kukwaruzana na mawe, hivyo tunazidisha kwa 0.85 na kupata 0.6. Mto ukiwa na upana wa mita 6 na kina cha wastani cha nusu mita, zinapita lita 1,800 kila sekunde.

Kwa kuwa hakuna wa kurusha chungwa kila asubuhi, ukingoni husimikwa rula. Msomaji huandika kina tu. Jedwali lililotokana na vipimo vingi vya awali ndilo humpa wingi wa maji. Masika yakichimba kitako cha mto, jedwali huanza kudanganya na rula haina habari. Mtu lazima aingie tena majini, kazi ambayo, kwa maoni yangu, tunaidharau mno kwa kuwa haina picha ya kupendeza.

Ardhioevu ni ngumu zaidi kupima: haina kingo. Satelaiti husaidia, maana maji humeza mwanga wa infraredi na kuonekana meusi. Yakifunikwa na matete, inaona majani. Nayo majaruba ya Lower Moshi, yanayonyweshwa na mito Rau na Njoro, msimu wa kupandikiza hufanana na kinamasi. Ramani ya siku hizo itatangaza kwamba ardhioevu imeongezeka, kumbe ni maji yaliyochepushwa kutoka mtoni.

Kinamasi cha Kirua kiliishi kwa mafuriko ya Mto Pangani. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa mtoni upande wake wa juu miaka ya 1960, mafuriko yalipungua, kikasinyaa. Satelaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa 1972. Picha zake zote zilimkuta mgonjwa kitandani. Kujua alivyokuwa mzima, itabidi kuwauliza wazee waliovua humo.