Rejeta ikifa Masama: Namna ya kuibadili mwenyewe nyumbani

KILA mwishoni mwa Desemba, barabara inayopanda kutoka Kwa Sadala kwenda Masama, wilayani Hai, hujaa magari ya wenyeji wanaorejea kutoka Dar es Salaam na mikoa mingine kula Krismasi na ndugu zao. Baadhi ya magari hayo, yakiwa yamekwisha kutembea zaidi ya kilometa 500, huishia kando ya barabara, boneti wazi na mvuke ukifuka. Mara nyingi kilichoshindwa ni rejeta.

Katika siku hizo za sikukuu fundi hapatikani kwa urahisi. Hata hivyo, kubadili rejeta ni kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe uani, akiwa na seti ya spana, bisibisi, koleo, beseni na nusu siku ya utulivu. Kinachohitajika zaidi ya vifaa ni subira, kwa kuwa kosa la haraka huweza kuunguza mtu au kuua injini.

Mlima huonyesha udhaifu ambao tambarare huuficha. Gari linapopanda kwa gia ndogo, injini hufanya kazi kubwa huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo. Aidha, kila mita 300 za mwinuko hupunguza kiwango cha kuchemka kwa maji kwa takriban nyuzi joto 1. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta kimetengenezwa kubana shinikizo, ili maji yaweze kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo hupotea.

Kabla ya kununua rejeta, mhusika ahakikishe kwamba ndiyo yenye kasoro. Kifuniko kibovu, feni isiyozunguka, thamostati iliyokwama, mpira uliopasuka au pampu ya maji inayovuja huleta dalili zilezile. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, au moshi mweupe ukitoka mfululizo kwenye ekzosi hata injini ikiwa imepata moto, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo rejeta mpya haitasaidia, na gari lipelekwe kwa fundi.

Rejeta za zamani za shaba huweza kuzibwa kwa kulehemu. Zile za alumini zenye matangi ya plastiki, ambazo ndizo nyingi katika magari ya sasa, zikipasuka plastiki ni afadhali kuzibadili.

Hatua ya kwanza ni kuegesha gari mahali tambarare na kuliacha lipoe kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyobanwa hulipuka kama mvuke na kuunguza uso na mikono. Vilevile, kumwagia injini ya moto maji ya baridi kunaweza kupasua silinda hedi.

Baada ya hapo waya hasi wa betri uondolewe, maana feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe. Beseni liwekwe chini, kizibo cha chini cha rejeta kifunguliwe na maji yakingwe yote. Ndipo hufunguliwa mpira wa juu, mpira wa chini, waya za feni na bolti zinazoshika rejeta. Magari mengi ya otomatiki yana pia mirija miwili myembamba inayopitisha oili ya giaboksi ndani ya rejeta; hiyo izibwe mara tu inapotolewa, na oili itakayomwagika irudishiwe kwa kipimo.

Rejeta ikishatolewa, ilazwe kando ya mpya na kulinganishwa: urefu, matundu ya mipira na sehemu za bolti. Mipira iliyokakamaa na vibanio vyenye kutu vibadilishwe wakati huohuo. Rejeta mpya ikae sawasawa juu ya raba zake, kwa kuwa mtikisiko wa barabara za vumbi huipasua ile iliyokaa upande.

Kujaza maji ndiko kunakowashinda wengi. Inashauriwa kutumia maji maalumu ya rejeta, yaani kulanti, ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Kama si ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, kwa kawaida huchanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvichumvi. Mchanganyiko huo huzuia kutu na huchemka kwa joto kubwa kuliko maji matupu.

Ijazwe polepole kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa, betri irudishwe, kisha injini iwashwe na kuachwa ingurume taratibu hadi mpira wa chini upate joto, huku ikiongezwa kila inapopungua. Magari yenye injini chini ya kiti, kama Hiace, huhitaji muda zaidi ili hewa itoke yote. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kiwango kikaguliwe tena kabla ya kupanda mlima wowote.

Linabaki beseni la maji ya zamani. Kulanti nyingi huwa na ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoweza kumuua mbwa, mfugo au mtoto akiinywa. Masama ni nchi ya mifereji ya asili inayopita kwenye vihamba, na maji yanayopita kwa mmoja hufika kwa jirani wa chini. Maji hayo yasimwagwe mferejini wala migombani. Yawekwe kwenye dumu lenye kifuniko, yaandikwe sumu, kisha yapelekwe kwenye gereji inayopokea taka za aina hiyo.